Mashine za Zamani: Ununue Yenye Sili, Iliyofunguliwa, au Mtumba Unaofanya Kazi?

Julai 2023, katika mnada mmoja huko Marekani, iPhone ya mwaka 2007 iliuzwa kwa zaidi ya dola 190,000. Simu yenyewe ilikuwa haijawahi kuwashwa, wala kutoka boksini. Ilipoingia sokoni bei yake ilikuwa dola 499. Na aliyeinunua mnadani ndiye mtu asiyethubutu kuitumia: akichana tu ile nailoni, sehemu kubwa ya pesa yake imekwenda na upepo.

Habari za namna hii huwagawa watu. Wapo wanaocheka, wapo wanaokimbilia kupekua stoo za wazazi wao. Mimi nawaandikia wa kundi la tatu. Unazipenda mashine za zamani kwa dhati, iwe simu, kompyuta, redio kaseti au mashine ya gemu. Una akiba kidogo uliyoitenga. Na kila ukiitafuta ile unayoitaka, unaikuta inauzwa kwa sura tatu, kila sura na bei yake.

Sura ya kwanza ina sili ya kiwandani: boksi halijaguswa tangu lilipofungwa. Ya pili imefunguliwa lakini ni kamili: boksi lake, kitabu cha maelekezo, nyaya, wakati mwingine hata vile vifuko vidogo vya nailoni vilivyofunika plagi. Ya tatu ni mtumba, mashine peke yake, ina mikwaruzo ya maisha, lakini imepita kwa fundi na inafanya kazi. Tofauti ya bei kati ya ya kwanza na ya tatu inaweza kuwa mara kumi, mara hamsini, na kwa vitu vichache zaidi ya hapo.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kutazama bei

Nimezipima zote tatu kwa maswali yaleyale matano. Kwanza, ukishalipa, unapata nini hasa mkononi? Pili, umri unafanya nini ndani ya kifaa wakati wewe umelala? Tatu, utajuaje kwamba kitu ni chenyewe na si cha kutengenezwa juzi? Nne, kukaa nacho kunagharimu nini mwaka hadi mwaka? Tano, siku ukitaka kukiuza, nani atanunua?

Kuna jambo ambalo si kigezo lakini linavigusa vyote. Hizi sura tatu ni ngazi ya kushuka tu. Yenye sili inaweza kuwa iliyofunguliwa jioni hii, kwa wembe na sekunde tano. Iliyofunguliwa inaweza kuwa mtumba mara tu boksi likipotea wakati wa kuhama nyumba. Kurudi juu hakuna. Anayekuambia anaweza kurudi juu ndiye wa kumwogopa, na tutakutana naye hapa chini.

Chaguo la kwanza: yenye sili ya kiwandani

*Unapata nini.* Unapata boksi, na nasema hivyo bila kejeli. Julai 2021, nakala yenye sili ya gemu ya Super Mario 64 iliuzwa na nyumba ya minada ya Heritage Auctions kwa dola milioni 1.56. Gemu hiyo ilitoka mwaka 1996 na nakala zilizouzwa zinazidi milioni 11. Kaseti yake ni rahisi kuipata hadi leo, na inacheza vilevile. Kwa hiyo kilicholipiwa pale hakikuwa gemu. Ilikuwa ni kadibodi ambayo mamilioni ya watoto waliichana siku ileile ya kwanza, ila hii ilinusurika na kupewa alama 9.8 kati ya 10, pamoja na nailoni iliyopewa A++.

Hata hivyo sili peke yake haifanyi kitu kuwa adimu. Ile iPhone ya dola 190,000 ilikuwa ya GB 4, na Apple iliacha kuiuza Septemba 2007, miezi miwili na ushee tu baada ya simu hiyo kuanza kupatikana Juni 29. Miezi michache kabla ya mnada ule, Februari 2023, iPhone ya GB 8 ya mwaka huohuo, yenye sili vilevile, iliuzwa kwa zaidi ya dola 63,000. Oktoba 2022 kulikuwa na nyingine iliyofika takriban dola 39,000. Simu ni ya kizazi kimoja na sili ni ileile, lakini bei zimeachana kama mbingu na ardhi.

*Umri unafanya nini ndani.* Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Tunaiona sili kama barafu: kilichomo ndani kimegandishwa siku ileile kilipotoka kiwandani. Lakini nailoni huzuia vumbi na vidole tu, haizuii kemia.

Chukua kapasita za elektroliti, vile vimtungi vidogo vya alumini vilivyopangwa kwenye bodi. Ndani kuna kimiminika, na chini kuna kizibo cha mpira. Miaka ikipita kimiminika hukauka au huvuja, na kikivuja hula njia za shaba za sakiti. Mashine nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zinajulikana kwa ugonjwa huu: kompyuta ya Macintosh SE/30, mashine ya gemu ya Sega Game Gear, kompyuta za Amiga 600 na 1200. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba kapasita hizi hazipendi kukaa bila umeme. Utando mwembamba wa oksidi unaozifanya zishike chaji hudhoofika zikikaa miaka mingi bila kuwashwa, hivyo mashine iliyolala miaka thelathini boksini inaweza kuwa na hali mbaya kuliko ndugu yake aliyekuwa akiwashwa mara moja moja.

Betri ni balaa zaidi. Kompyuta kadhaa za miaka hiyo zilikuja na betri ya nikeli na kadimi iliyolehemewa moja kwa moja kwenye bodi kwa ajili ya saa. Ikivuja, magadi yake makali husambaa na kutafuna kila kilicho karibu. Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, haina betri ya saa. Ina kapasita yenye kazi hiyo, nayo huvuja vilevile. Kwenye mashine iliyofunguliwa fundi huing'oa kwa dakika chache na habari imekwisha. Kwenye mashine yenye sili inabaki humo humo, inavuja gizani, na wewe umeilipia pesa nyingi kwa sharti kwamba hutaigusa. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakifikiria kompyuta, lakini sijaona msemo unaoifaa hali hii vizuri zaidi.

Simu zina betri za lithiamu. Hizi hujimaliza chaji polepole hata zikiwa hazitumiki, na zikishuka chini mno zinaharibika kwa ndani. Baadhi hutoa gesi na kuvimba.

Halafu kuna mambo madogo ambayo hata wakusanyaji wazoefu huyasahau. Waya wa umeme uliofunikwa kwa PVC laini una kemikali ya kuulainisha, na kemikali hiyo huhama. Ukikaa miaka mingi umegusana na stairofomu, yale mapande meupe yanayokinga vitu boksini, waya huyayeyusha na kujichimbia mfereji. Hilo hutokea ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa kamwe, tena hapo ndipo hasa hutokea, maana vitu havijasogezwa. Mikanda ya mpira ya redio kaseti hugeuka lami. Plastiki ya ABS yenye kemikali za bromini za kuzuia moto hugeuka njano, na ingawa mwanga wa jua huharakisha, nyingine hugeuka njano hata gizani.

*Utajuaje ni chenyewe.* Mashine ya kufunga vitu kwa nailoni ya joto si teknolojia ya siri. Maduka mengi ya kawaida yanayo. Ndiyo maana kila aina ya kifaa ina alama zake ambazo wajuzi huzitafuta. Kwa gemu za NES, ile mashine ya zamani ya Nintendo, kwa mfano, huangalia mshono mlalo wa nailoni upande wa nyuma. Huangalia pia kama nailoni ina matundu ya hewa mahali panapostahili, na kama kona za boksi zimechakaa ilhali nailoni juu yake inang'aa kama ya leo. Hilo la mwisho ni kosa la kawaida la watu wanaofunga upya.

Ndiyo maana kuna kampuni za kupima na kutoa daraja. Wanakipokea kitu, wanakikagua, wanakipa alama, wanakifungia ndani ya kasha gumu la akriliki. Huduma hiyo ina thamani, hasa kwa asiye mjuzi. Ila wanapima walichokiona, na walichokiona ni nje. Hakuna cheti kinachosema mashine iliyomo ndani inawaka. Kwa lugha ya mtaani, bado umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Tofauti ni kwamba gunia limekaguliwa na kupewa A++.

*Kukaa nacho.* Kinahitaji giza, ubaridi wa wastani na unyevu usiopanda na kushuka. Kinahitaji nafasi ambayo hakuna kitu kitawekwa juu yake. Kikiwa cha thamani kubwa kinahitaji bima, na bima ya kawaida ya vitu vya nyumbani mara nyingi ina ukomo kwa kitu kimoja. Kuna gharama nyingine ambayo haina risiti: wasiwasi. Mtoto anapopita na mpira sebuleni, moyo unakuruka.

*Kukiuza.* Wanunuzi ni wachache na wako mbali. Vitu vikubwa huuzwa mnadani, na nyumba za minada huongeza ada juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, mara nyingi asilimia 20 au zaidi, mbali na kile wanachoweza kumkata muuzaji. Bei zinazotufikia ni zile zilizovunja rekodi. Boksi lililokosa mnunuzi halitangazwi. Na msimu hubadilika. Kilele cha gemu zenye sili kilikuwa 2021, kisha soko likapoa, na walioingia siku za mwisho ndio walioachwa na kasha.

Kuna hoja moja ninayoiona nzito kuliko zote katika kipengele hiki. Vitu vya zamani vyenye sili ni adimu kwa sababu hakuna aliyekusudia. Zawadi iliyosahauliwa kabatini; simu ya AT&T (mtandao wa simu wa Marekani) aliyopewa mtu ambaye laini zake zote ni za mtandao mwingine; bidhaa za duka lililofungwa zikabaki ghalani. Leo watu wananunua vifaa vipya viwili viwili, kimoja cha kutumia na kingine cha kuweka. Kinachowekwa na kila mtu kwa makusudi hakitaadimika. Anayenunua simu ya mwaka huu na kuifungia sandukuni akingoja mwaka 2045 namtakia heri, lakini mimi pesa yangu siiweki hapo.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mtu ambaye boksi lenyewe ndilo analolipenda: michoro yake, herufi zake, namna bidhaa ilivyojitambulisha kwa ulimwengu siku ya kwanza. Inafaa makumbusho na wabunifu. Inamfaa pia mwenye mtaji ambaye hasara ya kifaa kimoja haitagusa kodi ya nyumba wala ada za watoto, na ambaye amelisoma soko la kitu kimoja mpaka akalifahamu kuliko anayemuuzia.

Chaguo la pili: iliyofunguliwa, kamili na boksi lake

*Unapata nini.* Unapata karibu vyote viwili, uzuri wa boksi na mashine ya kushika. Unaweza kulifungua mwenyewe na kusoma kile kitabu cha maelekezo, na vitabu vya zamani vilikuwa na maneno mengi ya kufurahisha, michoro ya mkono, kadi ya dhamana ambayo hakuna aliyeijaza. Unachokosa ni ile sekunde ya kwanza ya kuchana.

*Umri unafanya nini ndani.* Yaleyale niliyoyataja, ila hapa una macho. Unatoa betri. Unatenganisha waya na stairofomu kwa karatasi. Unafungua skrubu nne na kuona kama kapasita zimeanza kuvuja.

Nina redio kaseti ndogo niliyoinunua ikiwa na boksi, vitabu na hata vifuniko vya sponji vya vipokea sauti. Muuzaji aliapa kwamba ilikuwa mpya kabisa, ilitolewa boksini mara moja tu kupigwa picha. Nilipoweka betri, taa iliwaka, mota ikanguruma, kaseti haikusogea. Ndani, mkanda wa mpira ulikuwa umeyeyuka ukawa uji mweusi unaonata kwenye puli zote. Ilinichukua jioni nzima na pamba na spiriti, vidole vikabaki vyeusi siku mbili, kisha mkanda mpya na ikaimba. Najiuliza: ingekuwa na sili je? Ningeiweka kwenye rafu kwa heshima zote miaka ishirini, nikiwaonyesha wageni kitu kizima, kumbe ndani ni lami.

*Utajuaje ni chenyewe.* Ni rahisi zaidi, lakini si kwa uzembe. Linganisha namba ya mfululizo iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye mashine. Zikitofautiana, umekuta ndoa ya mitumba miwili, si familia moja. Hilo si kosa la jinai, bali ni sababu ya kupunguza bei. Maboksi ya kuchapwa upya yapo, mengi yakiuzwa kwa uwazi kabisa kama nakala, ila yakishapita mikono mitatu uwazi ule hupotea njiani. Nusa kadibodi, tazama uchapaji kwa kioo cha kukuzia, angalia kama mikunjo imechakaa kwa kiasi kinacholingana na umri.

*Kukaa nacho.* Nafasi ni ileile ya boksi, wasiwasi ni nusu. Ukilikwaruza utaumia, hutazimia.

*Kukiuza.* Soko ni pana. Huhitaji mnada, wapenzi wa kawaida wananunua, na bei hupanda na kushuka kwa utaratibu, bila vichaa vya rekodi.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kuonyesha na kutumia kwa zamu. Anayejenga mkusanyiko wa mada moja, tuseme vicheza kaseti vya kubebeka tangu Walkman ya kwanza ya Sony ilipotoka Julai 1979, na anataka kila kimoja kieleze habari yake kamili. Pia yule ambaye hana uhakika. Kutoka hapa unaweza kuelekea popote bila kupoteza sana.

Chaguo la tatu: mtumba unaofanya kazi

*Unapata nini.* Unapata mashine inayowaka ukibonyeza kitufe, ambalo ndilo lililokuwa lengo la walioitengeneza.

Kabla hujaidharau, kumbuka Apple-1, kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Apple. Ilitoka mwaka 1976, ikauzwa dola 666.66, na zilitengenezwa kama 200 tu. Ilikuja kama bodi, bila kava wala kibodi. Mwaka 2014 moja iliuzwa katika mnada wa Bonhams kwa dola 905,000, ikaenda makumbusho ya Henry Ford, na sehemu ya sifa yake ilikuwa kwamba inafanya kazi. Uhai wa mashine nao una soko lake. Bila shaka mtumba wako hautafika huko. Nautaja kwa sababu watu huongea kana kwamba sili ndiyo njia pekee ya kitu kupata thamani.

*Umri unafanya nini ndani.* Umeshafanya, na fundi ameshajibu. Kapasita zimebadilishwa, betri imetolewa, mikanda ni mipya. Muulize ni kipi kilibadilishwa na lini. Akikujibu kwa orodha na picha, huyo ni fundi. Akikujibu "kila kitu kiko sawa", jihadhari.

Hadhari ya pekee ni kwenye ugavi wa umeme. Mashine kadhaa za miaka ya 1980, kompyuta ya Uingereza iitwayo BBC Micro ikiwa mfano maarufu, zina kapasita za karatasi za chapa ya RIFA upande wa umeme mkubwa. Ganda lake hupasuka, hunyonya unyevu, na siku ukichomeka plagi hulipuka kwa moshi unaonuka vibaya kupita maelezo. Kwa hiyo usichomeke kitu cha zamani ukutani kwa furaha tu. Hii inahusu hata iliyokuwa na sili ukiamua kuifungua. Kuwa mpya boksini hakuinusuru.

*Utajuaje ni chenyewe.* Iwashe. Jaribu kila mlango na kila kitufe. Muuzaji akikataa isiwashwe mbele yako, hiyo nayo ni taarifa.

*Kukaa nacho.* Nafuu. Inahitaji kuwashwa mara moja moja, kusafishwa, spea na fundi. Gharama ya fundi ndiyo inayoshangaza wengi. Kubadilisha kapasita arobaini kwa mkono si kazi ya nusu saa. Ukijifunza kulehemu mwenyewe gharama inashuka, na utapata burudani mpya, labda kuliko ile uliyoifuata mwanzoni. Andika kila kinachofanyika: mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la matengenezo ndilo litakalokutofautisha na wauzaji wengine.

*Kukiuza.* Wanunuzi ni wengi, faida ni ndogo au haipo. Wakusanyaji wakali hawapendi mashine iliyobadilishwa sura, kwa mfano iliyotobolewa kava kuongezewa mlango wa kisasa. Matengenezo wanayakubali, marekebisho ya kudumu wanayanunia.

*Inamfaa nani.* Mchezaji, mwanafunzi wa teknolojia, fundi chipukizi, mzazi anayetaka mwanawe aguse diski laini kwa mkono wake.

Ukiwa katika hali ipi, uelekee wapi

Kama unalotaka ni kucheza tu gemu za utotoni, pengine huhitaji hata moja kati ya hizi tatu. Nintendo wenyewe walitoa NES ndogo mwaka 2016 ikiwa na gemu 30 ndani na waya wa HDMI. Haina roho ya ile ya zamani, watasema wenyewe wa mambo, lakini haina kapasita za miaka arobaini pia.

Kama unataka kukitumia kifaa kinachotegemea mtandao, chunguza kama mtandao huo bado upo. iPhone ya kwanza ilitumia 2G, na AT&T, mtandao wake pekee Marekani siku zile, ilizima 2G yake mwanzoni mwa 2017. Ukiifungua leo huko utapata kicheza muziki kizuri chenye kamera. Kwa vifaa vya aina hii hoja ya kubaki na sili ina nguvu kidogo zaidi, kwa sababu unachokosa kwa kutokifungua ni kichache. Kwa mashine ya gemu ya kaseti ni kinyume: haimtegemei yeyote, kwa hiyo kuifunga ni kuinyima kila kitu.

Kama unatafuta pa kuweka pesa, jiulize ungefanya nini kama bei ingeporomoka nusu mwakani. Kama jibu ni "ningebaki nacho nikikifurahia", endelea, lakini chagua kitu ambacho uadimu wake una sababu unayoweza kuitaja kwa sentensi moja, na kwa kadiri inavyowezekana kisicho na betri ndani. Kaseti ya gemu isiyo na betri ya kuhifadhi mahali ulipofikia, au kikokotozi cha zamani kinachouzwa bila betri, huzeeka kwa amani kuliko simu au kompyuta. Kama jibu ni "ningelia", nunua kilichofunguliwa, na hicho kiasi kilichobaki kiweke mahali panapozaa.

Kama una mapenzi na muda lakini pesa ni kidogo, mtumba. Anza na ulioharibika kidogo. Utajifunza zaidi kwa mashine isiyotoa sauti kuliko kwa ile iliyotulia kwenye rafu.

Na kama hukununua chochote, bali umerithi au umekuta boksi lenye sili chini ya kitanda? Usilifungue usiku huo, wala usiliuze kwa wa kwanza anayekuja na pesa mkononi. Lipige picha pande zote sita, mshono wa nailoni ukiwemo. Lipime uzito. Tafuta vitu vya namna hiyo vilivyouzwa kweli, si vilivyotangazwa, maana bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji. Ukikuta thamani yake na ya lililofunguliwa hazipishani sana, basi uamuzi ni wa moyo wako tu, chana. Ukikuta zimeachana mbali, una muda wa kufikiri, isipokuwa katika hali moja: kama ndani mna betri ya lithiamu na boksi limeanza kutuna upande mmoja. Hapo mjadala wa sili umefungwa. Usilibonyeze wala kulitoboa. Lisogeze mbali na vitu vinavyoshika moto, mtafute fundi anayezijua betri, na sili achane yeye.